Maswali Arobaini na Mawili

Kama kuna siku ambayo Hafidha aliwahi kujiona mzuri, basi ni asubuhi ile. Kitenge kipya kilimkaa, mtandio wa kijani ulimkaa zaidi, na vumbi jekundu la Ruangwa lilikuwa bado halijamfika magotini. Mkobani alibeba madodoso ishirini ya chuo, kalamu tatu na chupa ya maji. Moyoni alimbeba Bashiri. Katika mizigo yote hiyo, ni huu wa mwisho uliomfanya atembee kama mtu asiyekanyaga chini.

Bashiri mwenyewe hakuwa na habari. Alijua mchumba wake yuko Dar es Salaam na vitabu vyake, kumbe mwenzake ana siku ya nne yuko Ruangwa na wanafunzi kumi na wawili, wameletwa kufanya utafiti baada ya kumaliza mwaka wa pili. Hafidha alishapanga kila kitu. Jumamosi angekwenda mjini, kwenye gereji ya pikipiki ambako Bashiri alimwambia anafanya kazi, anyemelee kwa nyuma, amzibe macho kwa viganja, amwache ataje majina ya watu wote duniani mpaka afike kwake. Alishajaribu hata sauti atakayocheka nayo. Mapenzi yana utoto wake, we acha tu.

Walijuana Nachingwea, Hafidha akiwa kidato cha sita, Bashiri akiwa fundi karibu na stendi. Pikipiki ya baba yake Hafidha iligoma kuwaka, akatumwa aisukume kwa fundi. Bashiri aliipiga teke moja ikawaka. Akaizima, akajikuna kidevu, akasema bado ina tatizo, airudishe kesho. Pikipiki ile ilirudishwa siku nne mfululizo, na haikuwa na tatizo lolote.

Mwezi wa sita mwaka huu Bashiri alitamka kwa mdomo wake kwamba ufuta ukishauzwa atawaleta wazee wake Naipingo, kijijini kwao Hafidha, kwa posa. Mama yake Hafidha alipoambiwa, neno lile halikulala tumboni. Alikwenda kwa jirani yake, Bi Mwamina, akaazima mikeka minne ya wageni, ile mizuri yenye rangi, akaitundika ndani isipate vumbi. Kila aliyekutana naye kisimani aliondoka na ndoo ya maji na habari ya mkwe. Basi ufuta ukavunwa, ukauzwa, na wazee hawakutokea. Bashiri naye siku hizi mtandao ulikuwa unamsumbua. Akipatikana, anasema kazi zimemzidi, asijali. Na Hafidha, msomi mzima, hakujali.

Tumzungumzie kidogo huu usomi wake, maana ndio uliomponza.

Ndugu zake walishamuuliza mara mia sosholojia ni kitu gani, na mtu akitoka nayo anakuwa nani. Baba yake mdogo alidhani ni mambo ya vyama vya ushirika. Hafidha aliwaeleza kwa subira kwamba unasoma watu wanavyoishi, kwa nini huyu kaoa pale na yule karithi hapa. Mwaka wa kwanza walipewa utangulizi, kisha wakapewa takwimu zilizomtoa machozi, kisha mbinu za utafiti. Lakini muhula uliopita lilipoingia somo la familia na undugu, Hafidha alijiona amefika nyumbani. Wenzake waliotoka mikoa mingine walikodoa macho kusikia kuna watu ambao mtoto ni wa ukoo wa mama na mjomba ana kauli kuliko baba mzazi. Yeye alikaa mbele, mguu juu ya mguu, akitabasamu. Mwalimu akawa anamtazama yeye kila anapotaka mfano.

Walipewa kazi ya muhula, kurasa kumi na tano, kila mtu na mada yake. Hafidha alichagua ndoa ya binti wa mjomba. Na nani wa kumsaidia kama si Bashiri? Kila Jumapili alasiri, tangu Aprili mpaka Juni, alimpigia simu akiwa na daftari mapajani. Bashiri akamwambia kuna kijana mmoja huku kwao, mjomba wake anataka amwoe binti yake ili shamba la mikorosho lisitoke ukooni. Hafidha alifurahi kama aliyeokota pesa njiani. Akataka yote. Mjomba kasema nini? Mama wa kijana kasemaje? Bashiri alikuwa anajibu taratibu, mara nyingine ananyamaza katikati, na Hafidha anamharakisha maana muda wa maongezi unakwisha.

Bashiri alimpa mpaka desturi ya ukoo ule, kitu ambacho hakimo katika kitabu chochote. Siku ya ndoa, kijana anapewa panga azunguke mpaka wa shamba akiusafisha, na binti anamfuata nyuma na chumvi kwenye kawa, kila penye kigingi anaweka chumvi kidogo. Wakimaliza duara, wameoana, mengine ni ya shehe. Hafidha aliiandika desturi hiyo ukurasa wa tisa. Mwalimu wao, Dokta Letisia, akaweka pembeni kwa wino mwekundu, "Ushahidi adimu." Alama ikatoka A. Hafidha aliupiga picha ukurasa huo akamtumia Bashiri, na chini yake makopa ya mapenzi kama kumi hivi. Bashiri alijibu baada ya siku mbili. Alijibu, "Hongera."

Sasa turudi asubuhi ile.

Kazi yenyewe ilikuwa na masharti. Ukifika kitongojini unasimama mbele ya nyumba ya mwenyekiti, unazungusha kalamu chini, ncha inakoelekea ndiko unakoanzia. Unahesabu nyumba, ya tano unaingia. Dokta Letisia aliwaambia hilo mpaka masikio yakawauma. Nyumba ya tano ni nyumba ya tano, usiruke kwa sababu ina mbwa, usiruke kwa sababu mwenyewe kanuna. Ukiwa ndani, mhojiwa habishiwi, unaandika alichosema na si unachokijua wewe. Na kila swali linaulizwa, hata kama unaona aibu kuliuliza.

Obadia, mwanafunzi mwenzake, alichukua kushoto mwa barabara, Hafidha akachukua kulia. Moja, mbili, tatu, nne. Ya tano ilikuwa nyumba ya matofali ya kuchoma, bati jipya linawaka juani, uwanja umefagiliwa mpaka una mistari ya ufagio. Barazani alikaa mwanamke wa rika lake anamenya mihogo. Kucha zake zilikuwa na hina inayoisha, mwezi na zaidi tangu ipakwe.

"Hodi wenyewe," Hafidha akasema.

Mwanamke yule aliacha kumenya. Hakuinua kichwa hapo hapo. Alikaa kidogo na kisu mkononi, kama mtu anayesikiliza kitu kwa mbali, ndipo akamtazama Hafidha kuanzia mtandio mpaka viatu na kurudi juu tena.

"Karibu," akasema. "Wewe ndiye wa chuo?"

Hafidha alidhani ni mwenyekiti aliyepitisha habari. Akajitambulisha, akasoma karatasi ya ridhaa kama walivyofundishwa, kwamba majina hayatatolewa, kwamba mhojiwa anaweza kukataa wakati wowote. Mwenyeji wake akasema hakatai, kwa nini akatae. Akamsogezea kigoda, akamwekea maji kwenye kikombe cha bati, akanawa mikono na kukaa mbele yake kwa utulivu ambao Hafidha aliupenda. Wahojiwa wengine walikuwa wanahangaika na kuku na watoto. Huyu alikaa kama aliyekuwa akimsubiri.

Jina lake Shamimu. Umri, ishirini na mbili. Elimu, kidato cha nne. Alifaulu kuendelea, akasema, ila baba yake, Mzee Swalehe, alisema inatosha. Hafidha akatia alama kwenye kisanduku. Shamimu akamuuliza kama ndani ya kile kisanduku kuna mahali pa kuandika kwamba alilia. Hafidha akacheka kwa upole, akasema hapana, ni alama tu.

Wakaenda hivyo, moja baada ya jingine. Dini. Mazao. Shamba ni la nani? La marehemu bibi yake mzaa baba, mikorosho arobaini na kitu, anayelisimamia ni baba yake. Hafidha hakulitilia maanani. Mikorosho iko mingi Ruangwa. Swali la kumi na saba likawa walikutana wapi na mume wake.

"Hatukukutana," Shamimu akasema. "Ni mtoto wa shangazi yangu. Tumekua tunaonana."

Moyo wa usomi ukamruka Hafidha kifuani. Binti wa mjomba, huyo hapo, mzima, na mihogo yake! Kurasa kumi na tano alizoandika, kumbe hajawahi kukaa na mmoja wao uso kwa uso. Akasogeza kigoda karibu, akamwomba aeleze ndoa ilivyofungwa, asiache kitu.

Shamimu alieleza. Alisema mume alipewa panga. Alisema walizunguka mpaka tangu jua halijawa kali, yeye nyuma na kawa ya chumvi, na kila penye kigingi aliinama akaweka. Hafidha aliandika mpaka neno chumvi, kalamu ikasimama.

Akauliza kama hiyo ni desturi ya kijiji chote. Shamimu akasema hapana, ni ya kwao tu, imeachwa na marehemu bibi yao, na hajasikia ukoo mwingine unaofanya hivyo.

Na mtazame msichana alivyokuwa, jamani. Bado alifurahi! Alijiambia, kumbe huyu ndiye yule binti, yule wa ukurasa wa tisa! Kijana aliyesimuliwa na Bashiri ndiye mwenye nyumba hii! Alishaanza kuwaza atakavyomsimulia Bashiri hiyo Jumamosi, namna alivyozungusha kalamu na kalamu ikampeleka kwenye insha yake mwenyewe. Akaomba tarehe. Shamimu akasema mwezi wa saba, ufuta ulipokwisha. Akafungua ukurasa unaofuata, sehemu ya pili, taarifa za mwenzi.

"Jina la mume wako?"

"Bashiri," Shamimu akasema, akimwangalia machoni. "Bashiri Hassani. Fundi pikipiki. Alikuwa Nachingwea, sasa yuko gereji mjini, jioni anarudi. Leo kachelewa kutoka, yuko uani anaoga."

Kuna maumivu ambayo hayaanzii moyoni. Haya yalianzia mikononi. Vidole vya Hafidha vilikufa ganzi, kalamu ikaanguka, ikabingirika mpaka kwenye maganda ya mihogo. Shamimu aliinama akaiokota, akaipangusa kwa kanga yake, akamrudishia.

"Endelea, dada. Nakusikiliza."

Angeweza kuondoka. Karatasi ya ridhaa haimfungi anayeuliza. Lakini nyumba ya tano ni nyumba ya tano. Tena kulia mbele ya mwanamke yule, kwenye kigoda cha mwanamke yule, hapana. Hafidha alijikaza kisabuni. Akashika dodoso kwa mikono miwili, akauliza la ishirini na tatu, sauti yake ikitoka kama ya mtu anayesoma tangazo la maji. Je, katika ndoa yenu, nani aliyeamua? Baba. Je, uliulizwa? Niliambiwa. Je, ulikuwa unampenda? Hapo Shamimu akatazama kucha zake. Akasema ndiyo, tangu yuko darasa la sita, na hakuna aliyewahi kumuuliza mpaka leo.

Mlango wa uani ukalia. Bashiri akatoka, kifua wazi, taulo shingoni, anapiga mluzi. Mluzi ulikatika.

Hafidha alimwangalia. Ndio macho yale yale, yale yaliyokuwa yanatafuta ubovu kwenye pikipiki nzima. Alisubiri. Alitaka Bashiri aseme jina lake tu. Angesema "Hafidha", hata kwa kunong'ona, pengine angemsamehe nusu.

"Mume wangu," Shamimu akasema, "huyu ni mgeni wa chuo, anahoji kaya. Na wewe una maswali yako. Vaa shati uje ukae."

Na Bashiri, mwanamume mzima, akavaa shati, akaja, akakaa.

Maswali ya mume yalikuwa manane. Hafidha aliyauliza yote. Umri anaujua, akauuliza. Kabila analijua, akaliuliza. Alimuuliza anaishi kwa nani, Bashiri akajibu kwa wakwe zake, akiangalia vidole vya miguu. Jasho lilimtoka kwenye mdomo wa juu, na Hafidha alikumbuka kwamba jasho lile huwa linamtoka akisema uongo kwa wateja. Akafurahi kuliona. Alitaka limtoke zaidi.

"Swali la thelathini na sita," akasema. "Kabla ya ndoa hii, uliwahi kumwahidi mtu mwingine kwamba utamwoa?"

Bashiri alimtazama mke wake. Mke wake alikuwa anatazama mihogo.

"Nirudie swali?" Hafidha akauliza.

"Nimelisikia."

"Basi jibu. Ndiyo au hapana. Hakuna kisanduku cha tatu."

"Hapana," Bashiri akasema.

Akatia alama kwenye Hapana. Mhojiwa habishiwi, unaandika alichosema. Aliibonyeza kalamu mpaka karatasi ikatoboka, ikabidi apige alama nyingine pembeni ili isomeke. Miaka miwili na nusu ya mapenzi, posa iliyosubiriwa na mama yake, mikeka ya watu ukutani, yote iliingia kwenye kisanduku kile kidogo na nafasi ikabaki.

Alimaliza ya mume, akarudi kwa mke. Likabaki moja la mwisho, la arobaini na mbili, ambalo wengi hulijibu kwa kusema hawana. Je, una jambo lolote ungependa kuongeza?

"Ninalo," Shamimu akasema. Aliweka sinia la mihogo chini. "Simu ya mume wangu, sikioni haisemi. Tangu itumbukie kwenye oili, ni mpaka uiweke spika. Hakukwambia?"

Hafidha aliinua kalamu, asiandike kitu.

"Jumapili zote zile alikuwa hapa, kaja kumsaidia baba shamba la ufuta. Yeye anakaa hapo ulipokaa wewe. Mimi nakaa hapa, na ungo. Ukiuliza la mahari, ananitazama, namwambia, anakwambia. La chumvi nilimfundisha mimi, yeye hakulijua, ni mambo ya wanawake. Mwanzo nilikuona mwanafunzi wa watu. Nilikuonea wivu wa shule tu. Mpaka siku uliyomwambia usiku unamuota."

"Shamimu, basi," Bashiri akasema.

"Kaa. Nahojiwa."

Bashiri akakaa.

"Siku moja alikuuliza, huyo binti wewe unamwonaje. Unakumbuka ulimjibu nini?"

Hafidha alikumbuka. Mungu amsamehe, alikumbuka mpaka mahali alipokuwa amekaa, kwenye ngazi za bweni, kalamu mdomoni, anajisikia mtu mzima.

"Ulisema binti wa mjomba kwenye ndoa hizi ni kigingi cha mpaka," Shamimu akaendelea, polepole, kama anayehesabu punje. "Kazi yake kuonyesha shamba linaishia wapi, hakuna anayekiuliza kitu. Ukacheka. Ukamwambia ngoja niliandike hilo, ni zuri. Mimi nimeshika ungo, nasikia."

"Sikujua kama..."

"Kama kigingi kina masikio? Haya. Jumapili iliyofuata akakuuliza, na kijana akikataa je? Ukamwambia hakatai. Ukasema akikataa anakosa shamba, anakosa ndugu, na mapenzi hayalishi mtu. Akakuuliza, wewe ungekuwa yeye ungefanyaje? Ukasema ungetii. Alikuwa hajaamua, dada. Siku mbili chakula hakimpiti. Anakutafuta wewe umwambie kataa. Uliposema ungetii, aliinuka hapo hapo, akaenda kwa baba, akasema amekubali."

Hafidha alimgeukia Bashiri. Alitaka akane. Kukana alikuwa anakujua vizuri, si alikana sasa hivi tu? Bashiri alikuwa anakwaruza ukucha wa dole gumba, na hakukana.

"Ungeniambia ni wewe," Hafidha akamwambia, kwa mara ya kwanza nje ya dodoso.

"Nilikuwa nakwambia," Bashiri akasema. "Ulikuwa unaandika."

Shamimu akachukua kisu chake na muhogo mwingine. "Leo kigingi umekiuliza mpaka swali la arobaini na mbili," akasema. "Nimekujibu yote. Unywe maji yako, dada, jua kali."

Hafidha aliyanywa. Hakujua kwa nini, ila aliyanywa yote, akarudisha kikombe, akashukuru kwa ushirikiano kama walivyofundishwa. Alipita kwenye ile mistari ya ufagio akiiharibu, macho yameganda mbele. Alishafika kwenye ua aliposikia hatua nyuma yake, hatua anazozijua. Moyo, mpumbavu ule, ukainuka. Akasimama bila kugeuka. Akajiambia sasa analisema jina langu.

"Samahani," Bashiri akasema kwa sauti ya chini. "Jina langu kwenye hizo karatasi. Litakwenda mpaka chuo?"

Hafidha alizibana karatasi kwapani.

"Majina hayaendi," akasema. "Unakwenda kama namba."

"Namba ngapi?"

"Kumi na nne."

Bashiri akaitikia kwa kichwa, uso ukamlainika, akarudi ndani kwa mke wake.

Obadia alimkuta amekaa kwenye gogo kando ya barabara, dodoso limefunguka magotini. Akamuuliza ya tano imekwendaje, maana kwenye ya kwake walimfungulia mbwa. Hafidha akasema wamejibu yote. Obadia akamwambia ana bahati, akapita na chaki yake ya kutilia nyumba alama, kutafuta nyingine.

Masharti yalisema karatasi ikaguliwe kabla ya kuondoka kitongojini, pasibaki swali tupu. Lilikuwa limebaki moja. Hafidha akashika kalamu, ile ambayo bado ilikuwa na wanga wa muhogo, akaandika kwenye namba arobaini na mbili maneno ya Shamimu kama alivyoyatamka, ungo, spika, chumvi, yote. Alipofika kwenye neno kigingi machozi yalimwagika. Akaipangusa karatasi kwa mtandio, akaliandika neno lile tena palipofutika, na nafasi ilipokwisha akageuza nyuma ya ukurasa.

Kisha akampigia mama yake simu.

Mama alipokea kwa furaha, akauliza kama wanakula vizuri huko, akasema leo kaipunga ile mikeka juani na Bi Mwamina mwenyewe kaja kuichambua chawa wa kuku, ili wazee wa Ruangwa wasije wakajikuna. Hafidha alimwacha amalize.

"Mama, mikeka ya watu irudishe."

"Wamebadili siku?"

"Hawaji."

Hafidha alisikia kuku, akasikia mtu anauliza kuna nini, na mama yake akimnyamazisha mtu huyo. Alisubiri mama amwambie pole mwanangu. Alikuwa anaihitaji pole ile kuliko hewa.

Mama yake alipofungua mdomo, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuwaambia majirani wote.

"Uliwafanya nini, Hafidha?"

Hafidha alitazama ile nyumba ya tano. Barazani Shamimu alikuwa anamenya mihogo, na Bashiri amekaa kwenye kigoda kile kile, anamsaidia.

"Niliwauliza maswali, mama," akasema.